Uvira: pampu ya bei ndogo, pampu ya bei kubwa, na samaki wanaosubiri

Uvira, Kivu Kusini. Kwa wakaaji wengi wa mji huu, samaki ni wa kula: ndagala, mikeke, na siku ya bahati kuhe mkubwa. Lakini kuna nyumba chache kando ya ziwa ambako samaki hawapikwi. Wanatunzwa ndani ya maji, wanahesabiwa mmoja mmoja, kisha wanavuka mpaka kwenda Bujumbura na kupanda ndege. Huko Ulaya, Marekani na Asia watu wanawaweka ndani ya sanduku la kioo sebuleni na kuwatazama. Biashara hiyo si mpya. Mbelgiji Pierre Brichard aliianza Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo wapiga mbizi wa pande zote za Tanganyika wanapata chakula kwa njia hiyo.

Ziwa lenyewe linasaidia. Lina kina cha meta 1,470, na ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na tilapia ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wale wanaokaa kwenye mawe hubadilika rangi kutoka pwani moja hadi nyingine. Yule mweusi wa Bemba, kusini mwa Uvira, mwenye mshipi wa rangi ya chungwa tumboni, humwoni ukisogea mbali na hapo. Ndiyo maana mzungu yuko tayari kulipa.

Katika mtaa wa Kalundu kuna baba mmoja anayefanya kazi hii. Nyuma ya nyumba yake kuna mabeseni 18 ya saruji yaliyojengwa kwa ngazi, kama mashamba ya mlimani. Maji yanaingia beseni la juu kabisa, yanashuka yenyewe kutoka moja hadi jingine, na mwishoni yanaanguka ndani ya shimo lenye changarawe na mchanga linalochuja uchafu. Kutoka hapo pampu ndogo, ambayo mtu anaibeba kwa mkono mmoja, inayarudisha juu. Urefu wa kupandisha ni meta moja na nusu tu. Kazi ni ndogo, lakini haina mapumziko: saa 24 kwa siku, saa 8,760 kwa mwaka. Hakuna motokari mjini Uvira inayofanya saa hizo.

Ndani ya ua huohuo, katika nyumba ndogo ya pembeni, anaishi mama mmoja mkimbizi wa vita kutoka milima ya juu ya Fizi, pamoja na watoto wake wanne. Hakulipishwa nyumba. Badala yake analinda mabeseni usiku, na kila mwisho wa mwezi anapewa dola 30. Kwa dola hizo watoto wawili wanasoma. Kwa hiyo pampu ikisimama, si mwenye samaki peke yake anayepoteza.

Na pampu ilisimama. Ilikuwa ya tatu katika miezi kumi na minne. Zote tatu zilinunuliwa kwa dola 35 kila moja, zote za umeme wa kawaida wa volti 220. Ile ya mwisho haikutoa moshi wala kelele. Mama aliamka saa nane ya usiku kwa sababu hakusikia tena maji yakianguka. Alipowasha tochi ya simu, samaki walikuwa juu, midomo nje, wanavuta hewa. Aliita watu. Mpaka asubuhi walikuwa wakichota maji kwa vikombe vya plastiki na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Samaki 70 walikufa katika mabeseni matano yaliyojaa zaidi. Wapiga mbizi watatu waliowaleta walikuwa bado hawajalipwa.

Kwa nini wanakufa haraka hivyo, na hao ni samaki wa ziwa? Maji ya Tanganyika ni ya moto, nyuzi 25 na zaidi, na maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Samaki wengi ndani ya beseni dogo wanaimaliza. Halafu kuna jambo la pili ambalo wafugaji wa tilapia kwenye mabwawa ya bara hawalijui sana. Maji ya ziwa hili yana chumvichumvi na chokaa, na pH yake inakaribia 9. Mkojo na uchafu wa samaki hutoa amonia. Katika maji ya pH 7, karibu amonia yote inakaa katika hali isiyodhuru sana. Katika maji ya pH 9 yenye joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi moja inageuka kuwa sumu. Vijidudu vilivyo kwenye changarawe ndivyo vinavyokula amonia hiyo, na vyenyewe vinahitaji maji yanayotembea ili vipumue. Pampu ikisimama kwa saa nyingi, kichujio kinaoza. Mtu akiiwasha tena bila kumwaga yale maji ya kwanza, anasukuma sumu moja kwa moja kwa samaki waliobaki. Usiku ule mama alijua hilo. Maji ya kwanza aliyamwaga kwenye migomba.

Baada ya hasara, mwenye samaki alikuwa na dola 180 mkononi. Ndipo mazungumzo yakaanza, na yalichukua siku nne.

Mpwa wake, kijana anayejua mambo ya umeme, alikuwa ameona pampu nzuri Bujumbura. Dola 160. Ya volti 12, kwa hiyo inaweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye batri. Haina kelele, na ina kisanduku cha kuongeza na kupunguza nguvu.

– Mjomba, nunua hiyo, tumalize maneno. Ya bei rahisi imetuponza mara tatu.

Mjomba mwenyewe alipiga hesabu yake kwenye karatasi. Kwa dola 160 anapata pampu nne za dola 35 na chenji inabaki. Zikidumu miezi mitano kila moja, zitafika karibu miaka miwili. Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Wengi mjini wananunua hivyo kila kitu, kuanzia viatu hadi simu, kwa sababu dola 35 inapatikana na dola 160 haipatikani.

Lakini karatasi ya mjomba ilisahau umeme. Kijana alichukua bidoni ya lita 20 na saa ya simu, akaenda kupima. Karatasi ya pampu ya dola 35 ilisema inatoa lita 4,000 kwa saa. Pale juu, kwenye meta moja na nusu, ilijaza bidoni kwa sekunde 36. Hiyo ni lita 2,000, nusu ya maandishi. Si lazima mtengenezaji awe amedanganya: namba ya kwenye sanduku hupimwa bila kupandisha maji hata kidogo, na kila sentimeta ya kupanda inakata. Mnunuzi anayesoma namba moja tu ananunua nusu ya pampu. Ile ya Bujumbura, ambayo muuzaji alikubali ipimwe kwenye pipa dukani kwa urefu uleule, ilijaza bidoni kwa sekunde 24, yaani lita 3,000 kwa saa.

Na nguvu iliyokula? Ya bei ndogo wati 85. Ya bei kubwa wati 40. Katika siku nzima, moja inakula zaidi kidogo ya kilowati-saa 2, nyingine haifiki 1. Kwenye fakturi tofauti hiyo inauma kiasi, lakini haiui mtu. Inaua pale umeme unapokatika. Umeme wa Uvira unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, lile la kwanza la mwaka 1958 na la pili la mwaka 1989, na nyaya zake zinapita mbali kabla ya kufika Kalundu. Kila mkaaji anajua unavyokatika. Hapo batri ndiyo inayoshika. Batri ya kawaida ya volti 12, ampea 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa kama wati-saa 600. Pampu ya wati 85, kupitia mashine ya kugeuza umeme ambayo nayo inakula sehemu yake, inaimaliza kwa saa sita. Pampu ya wati 40 iliyofungwa moja kwa moja inafika saa 15. Umeme ukikatika saa moja ya jioni, ya kwanza inazimika saa saba ya usiku. Ya pili inafika saa nne ya asubuhi, watu wako macho na jua liko juu.

Kwa hiyo kijana alikuwa ameshinda, au alidhani ameshinda. Alitaja pia hatari ambayo watu hawaisemi: pampu ya volti 220 inayokaa ndani ya maji. Ngozi ya waya wake ikipasuka, anayeingiza mkono huku miguu wazi iko kwenye saruji yenye maji ndiye anayepigwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kurushwa nyuma. Na katika ua huo kuna watoto wanne. Volti 12 haiui mtoto.

Mama wa zamu alikuwa akisikiliza huku anachambua mboga. Hakuna aliyemwuliza.

– Papa, alisema, hiyo ya dola 160 ikifa saa nane ya usiku, nani ataifufua?

Mwenye nyumba akasema haitakufa upesi, ni kitu cha nguvu.

– Hata ile ya kwetu kwenye saiti ilikuwa ya nguvu, Papa.

Akaeleza. Kabla ya kufika Kalundu alikaa miezi kadhaa kwenye saiti ya wakimbizi, ambako shirika moja lilikuwa limeweka pampu ya kuvuta maji ya kisima. Mashine ya gharama, ya kutoka Ulaya, na wakubwa walikuja kupigwa nayo picha. Ilifanya kazi vizuri sana. Siku moja kipira kimoja, kidogo kama pete, kikachakaa. Fundi wa saiti alikijua kilipo, alijua kukitoa, alijua kukirudisha. Hakuwa nacho. Hakikuwepo Uvira, hakikuwepo Bukavu. Wiki sita wanawake walirudi kuteka maji ya ziwa, na kila anayesikiliza habari za eneo hili anajua kipindupindu kinatokea wapi. Pampu ya mkono ya zamani iliyokuwa pembeni, ile ambayo watu waliicheka, ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu kila fundi wa baiskeli alijua kuikata ngozi na kuitengeneza.

Familia zilizo kwenye saiti zitaelewa maneno ya mama huyo kuliko mtu yeyote. Kamati za maji huulizwa mara nyingi kama mashine ni nzuri, na huulizwa mara chache kama piyesi yake inauzwa sokoni.

Ndipo kijana akarudi Bujumbura akaiangalia ile pampu ya dola 160 kwa macho mengine. Mota yake kweli ilikuwa imara: haina makaa ndani ya kulika, na mhimili wake ni wa udongo wa kauri, hauli kutu. Udhaifu wake uko nje, kwenye kile kisanduku cha kurekebisha nguvu. Kisanduku hakipendi unyevu, na nyuma ya nyumba ya mabeseni 18 kila kitu kina unyevu. Kikifa, mota nzima hailii hata kama ni mpya. Muuzaji alisema kisanduku kingine kinaagizwa Dubai. Kwa muda gani? Akacheka kidogo. Labda mwezi.

Kulikuwa na njia ya tatu iliyopendekezwa na jirani mvuvi: pampu ndogo ya kutoa maji ndani ya mashua. Volti 12, dola 20, inapatikana bandarini. Hiyo ilikataliwa, na ilistahili. Pampu hizo nyingi zina makaa yanayosugua ndani ya mota, na zimetengenezwa zifanye kazi dakika chache kisha zipumzike. Ukiiendesha usiku na mchana, makaa yanaisha kabla mtoto hajamaliza muhula. Bei ilikuwa nzuri, nguvu ilikuwa nzuri, lakini kazi iliyotengenezewa ni nyingine.

Walichonunua mwishowe ni pampu mbili zinazofanana kabisa, za volti 12, dola 55 kila moja, zisizo na makaa na zisizo na kisanduku cha nje. Zinakula wati 45. Kwenye bidoni zilitoa lita 2,200 kwa saa, chini ya ile ya kifahari lakini zinatosha, mradi mabeseni hayajazwi kupita kiasi. Ubaya wake ni kwamba umeme wake wa ndani umefungwa kwa gundi ngumu. Ukiungua, fundi hawezi kufungua. Unaitupa. Ndiyo maana ziko mbili. Juu ya hizo, gurudumu mbili za akiba pamoja na mihimili yake, dola 12 kila moja, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayolika na inatoka kwa kuzungusha kifuniko, bila chombo chochote. Na pampu ya hewa ya dola 25 yenye batri yake ndogo ndani, ile inayotoa mapovu. Haiwezi kupandisha maji juu, lakini inawapa samaki pumzi ya saa chache. Jumla dola 159. Zilizobaki zilikwenda kwenye mpira wa kuunganishia na bomba la kuzuia maji yasirudi nyuma.

Mwenye samaki hakufurahi sana. Alitaka kitu kimoja kizuri, kitu cha kuonyesha wageni. Na ana hoja: kama angekuwa mtu wa Bujumbura, duka liko jirani, ile ya dola 160 ingekuwa na akili zaidi. Ingekula umeme kidogo na kudumu miaka. Uzuri wake unategemea barabara iwe wazi. Kutoka Kalundu hadi duka lile hakufiki kilometa 40, lakini kati yake kuna mpaka, na mpaka una siku zake. Ukifungwa, samaki pia hawatoki, mabeseni yanajaa, na ni wakati huohuo pampu inahitajika zaidi.

Matunzo yako mikononi mwa mama. Kila Jumapili baada ya ibada anabadilisha pampu: iliyokuwa majini inatoka, iliyokuwa kabatini inaingia. Wengine huacha ya akiba kwenye kabati mwaka mzima, na siku ya shida wanakuta imeganda. Ile iliyotoka anaifungua, anatoa gurudumu, anailoweka katika maji ya ndimu kwa saa moja. Chokaa ya Tanganyika inashika kwenye mhimili kama ukoko wa ugali kwenye sufuria; usipoitoa, gurudumu linakwama, mota inalazimisha na inaungua. Tatu zilizokufa zamani zilifunguliwa baadaye kwa udadisi. Mbili zilikuwa nyeupe ndani kwa chokaa. Hazikuwa mbovu kama zilivyotukanwa. Hazikuwahi kuoshwa tangu zilipotoka dukani. Ya tatu mhimili wake ulikuwa umelika kwa mchanga, kwa kuwa iliwekwa chini kabisa ya shimo. Sasa pampu inakaa juu ya tofali, imefungwa wavu wa chandarua cha zamani. Waya wake unaning'inia chini kwanza kabla ya kupanda kwenye kiunganishi, ili tone la maji linalotembea juu ya waya lianguke sakafuni na si ndani ya moto.

Kuna kitu kingine alichoomba, nacho hakikuwa na bei. Mabeseni matano ya juu yapunguzwe samaki kwa theluthi moja. Mwenye nyumba alisita, kwa sababu beseni tupu halileti pesa. Lakini samaki wachache katika maji yaleyale wanapata saa zaidi kabla ya kuanza kuvuta hewa juu, na saa hizo ndizo mlinzi anazozihitaji ili aamke, atafute tochi, na abadilishe pampu. Wapiga mbizi wakaambiwa walete kwa oda tu. Hawakupenda.

Tangu hapo zimepita wiki 31. Umeme umekatika mara zisizohesabika. Pampu moja imekufa kweli, wiki ya 22, umeme wake wa ndani uliungua siku ambayo mtu alifunga batri waya juu chini. Nyingine iliingizwa majini ndani ya dakika tano, saa kumi ya alfajiri, na samaki hawakujua. Iliyokufa haijatupwa: kifuniko chake, gurudumu lake na mhimili wake viko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Ya kuchukua nafasi yake imeagizwa kwa dereva anayevuka Gatumba. Amepewa dola 35. Dola 20 zilizobaki zinangojea malipo ya samaki wa mwezi huu, na mpaka ifike, mama wa zamu analala na simu chini ya mto, sauti imefunguliwa, dirisha la upande wa mabeseni liko wazi.